Santuri ya Mjane wa Buzebazeba

"Land Cruiser nyeupe. Inashuka Gungu kwenda bandarini," Frida alisema redioni.

"Naiona."

Gaudensi akaiongezea mafuta pikipiki yake, Boxer. Kuku wakatawanyika.

Ndani ya gari lile alikuwamo Leonardi, wakala wa magendo, amepakata santuri. Iliimbwa na bendi ya vijana wanne waliokuwa wakipiga magitaa kwenye gereji ya malori, mwaka 1974. Imebaki nakala moja tu duniani, na matajiri wa ng'ambo wanaililia. Mwimbaji wake, Mzee Bonifasi, kazikwa juma lililopita. Sauti yake imebaki humo tu.

Kifaa cha kuifuatilia Gaudensi alikibandika kwenye jalada, msibani, wakati mjane Joanitha anampakulia ugali na samaki, migebuka. Alijitambulisha kuwa mwanafunzi wa marehemu. Usiku akaacha mlango wa uani wazi, Leonardi aibe, awafikishe yeye na mkuu wake Frida kwa wanunuzi.

Jasusi mzima, kumfanyia hivyo mfiwa. Aibu tupu.

Bandarini boti ilishawashwa. Mnunuzi alikuwa ndani.

"Simama!" Gaudensi alichomoa Beretta.

Leonardi aliinyoosha santuri juu ya maji. "Sogea uone, naizamisha."

"Mpige risasi," Frida aliamuru redioni.

Gaudensi aliweka bastola chini.

Leonardi akacheka, akanyanyua mguu kupanda. Boti ikayumba. Mkono wake ukatafuta kamba. Gaudensi akaruka, akainyakua santuri kwa mkono wa kushoto, ngumi ya kulia ikamtua kidevuni. Polisi wa majini waliokuwa wamejificha wakamzingira mnunuzi.

Dakika thelathini baadaye alikuwa Buzebazeba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeipata!"

Mjane aliipokea kwa mikono miwili. Gaudensi alishindwa kumtazama.

"Mama, mimi sikuwa mwanafunzi wa Mzee."

"Nilijua. Bonifasi hakufundisha mtu, hata wanawe aliwafukuza wakigusa gitaa. Lakini msibani hatumfukuzi mtu. Nikakupakulia."

Bora angemzaba kofi.

"Na mwizi nilimwachia mlango wazi mimi. Makusudi, ili tuwakamate."

Mama Joanitha akaifuta santuri kwa upindo wa kanga, polepole, pande zote mbili.

"Huo uongo wa pili ndio sikuujua," alisema. "Nenda, mwanangu."

Simu ikalia. Frida.

"Hongera. Makao makuu wanakusifu sana."

Gaudensi alikata simu. Akavaa miwani yake nyeusi, watu wasimwone macho, akaondoka kwa miguu.