Mume Wangu Alilima Kaburi la Mama!

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na moja. Naishi Ipuli, hapa Tabora, peke yangu, na majirani wananiita bibi mkali. Hawakukosea. Lakini someni kwanza mkasa wangu, wasomaji wenzangu, halafu mniambie ningekuwa mpole kwa lipi!

Nilizaliwa pacha. Kaka yangu alitangulia akaitwa Kulwa, kama ilivyo desturi yetu Wanyamwezi, mimi nikaitwa Doto. Mama alifariki tukiwa wadogo. Tulimzika kwenye kilima nyuma ya nyumba yetu, upande wa Kaliua, kando ya njia ya zamani waliyopita wapagazi na mizigo ya pembe za ndovu.

Juu ya kaburi baba alichomeka tawi la mbono. Kwetu kaburi halikujengewa, lilipandwa mbono, kwa sababu mti huo haufi kwa jua wala mbuzi hawaugusi. Kilima kile kilikuwa na mbono za wazee wetu, na nyingine za wapagazi waliofia safarini. Kila mtoto wa kwetu alijua maana yake.

Ikaja Ujamaa. Tukaamriwa kuhamia kijiji kipya, karibu na barabara. Tulihama na kuku wetu, vinu vyetu, hata milango ya nyumba tuliing'oa. Lakini makaburi utayahamishaje?

Ndipo akaja Anselmi...

Alikuwa mpima ardhi, kijana mtanashati, mpole wa maneno. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya ardhi kavu isiyofaa kwa mahindi wala tumbaku, ili mradi mmoja upande mimea inayostahimili ukame na kukamua mafuta ya kuendeshea mashine. Miaka ile dizeli ilikuwa adimu. Mashine ya kusaga ya kijiji ilinyamaza, tukarudi kutwanga mpaka viganja vikachubuka. Kwa hiyo tulimwona mkombozi!

Kiangazi chote alizunguka akichimba udongo na kuutia kwenye vifuko. Jioni alikula ugali na baba. Haikuchukua muda akanichumbia, akanioa. Nilimpenda, jamani... Sitaki kudanganya.

Kwetu mkwe hupelekwa makaburini akatambulishwe kwa waliolala. Sisi ni Wakatoliki, na padri hakulipenda jambo hilo, lakini baba hakuliacha. Alinyunyiza maji na unga wa mtama akasema, "Mama Kulwa, huyu ndiye mume wa Doto. Mtunze, naye akutunze." Anselmi akaitikia amina.

Mwaka ule mvua ziligoma. Mahindi yalikauka yakiwa usawa wa magoti. Lakini mbono za kilimani zilikuwa kijani kabisa, matawi yameinama kwa matunda. Nilimwona mume wangu akichuma tunda, akilipasua, akiiponda mbegu kwa kidole hadi mafuta yakatoka. Nikadhani anastaajabu tu. Kumbe ameshaona shamba!

Baba alimwambia waziwazi kwamba mahali pale pasiguswe. Akajibu, "Nimesikia, baba."

Amesikia! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wetu alikuja tukafa.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano trekta lilipoletwa. Wanawake waliotoka kuokota kuni walikuja mbio wakipiga mayowe kwamba kilima kinalimwa. Kulwa alitoka na panga lake. Nikamfuata, nikikimbia huku nimeshika tumbo.

Tulikuta mbono zimeng'olewa, mizizi juu. Jembe la trekta lilikuwa limefumua ardhi, na ndani ya tuta niliona shanga nyeupe... Shanga za mama! Baba alimzika nazo. Pembeni yake kulikuwa na mfupa wa taya.

Anselmi alikuwa amesimama na ramani yake, amezungukwa na walinzi wa mradi.

"Shemeji," Kulwa akamwambia, "si baba mwenyewe alikuleta hapa? Si uliitikia amina?"

Mume wangu hakutazama hata zile shanga. Alisema kwenye ramani pale ni pori tupu, tena ni ardhi bora kuliko zote alizopima, maana mbono imeshastawi bila kumwagiliwa. "Wafu hawasagi mahindi, Kulwa," akasema. "Walio hai wanataka mafuta."

Panga likashuka. Mkono wa kulia wa Anselmi, ule aliochorea, ulikatika kwenye kifundo, damu ikaruka hadi usoni kwangu! Kabla sijapiga kelele walinzi walishamwangukia kaka yangu. Walimpiga kwa virungu kichwani, mgongoni, mdomoni... Nilijitupa juu yake. Rungu moja likanipata tumboni. Nilisikia mifupa ya pacha wangu ikivunjika chini yangu, naye akiniita, "Doto... Doto..." mpaka akanyamaza.

Mwanangu alitoka siku hiyo hiyo, hana uhai. Sikushika mimba tena.

Nililazwa Tabora muda mrefu. Anselmi alipona, akaeleza kila mahali kwamba Kulwa alikuwa adui wa maendeleo. Eti alituma watu wanibembeleze nirudi kwake! Niliwafukuza kwa mchi.

Baba alimzika Kulwa palepale kilimani, akamchomekea tawi la mbono. Kisha majonzi yakamuua. Mvua zikaja, na mradi ukapanda mbono kilima kizima, safu kwa safu, hata juu ya makaburi. Baadaye wenyewe wakaondoka. Mafuta hayakukamuliwa hata ya kuwasha kibatari.

Niliporudi, waliomzika kaka yangu walibabaika. Huyu alionyesha safu hii, yule ile. Alama ya kaburi letu ni mbono, na sasa kila mahali ni mbono! Nilikumbatia mti mmoja nikalia, nikaenda mwingine nikalia...

Mpaka leo naenda, na sijui nalia juu ya nani.

Nawasihi, ninyi mnaopima ardhi za watu: mkikuta mti umestawi peke yake penye ukame, msifurahi upesi. Ulizeni nani aliupanda, na kwa ajili ya nani. Na ninyi wazazi, mkwe mpeni binti, mpeni chakula, mpeni hata kitanda chenu. Waliolala msimwonyeshe mpaka mmjue.

Baba alimwonyesha Anselmi alipolala mama. Na mimi sina hata pa kumwagia Kulwa maji.