Vipimo vya Gauni la Muuguzi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, printa ilitoa karatasi yenye mstari mmoja tu:

[I@2a139a55

Baba, fundi cherehani, aliisogeza mbali na macho, kisha karibu. Kitambaa cheupe kilikuwa kimeshatandazwa mezani. Kilitosha gauni moja, bila ziada. Mwenyewe, muuguzi mpya, angekuja kulichukua saa tisa alasiri, alivae na kwenda moja kwa moja kwenye mahafali yake. Sasa alikuwa zamuni, simu ameifungia kabatini.

"Binti yangu," Baba aliita, "mteja wako ana inchi mia moja thelathini na tisa. Nishone gauni au hema?"

Mama aliangua kicheko nyuma ya cherehani yake. Binti hakucheka. Ni yeye aliyewashawishi waachane na daftari. Jana Baba alipima, yeye akaingiza vipimo kwenye programu aliyoiandika mwenyewe.

"Aa, nimeelewa," Baba alisema. "Hii hamsini na tano ya mwisho ndiyo urefu." Akapiga mstari wa chaki, akashika mkasi.

"Baba, usikate! Nipe dakika kumi!"

"Kumi tu. Mkasi haujui samahani."

Binti alibeba kompyuta mbio hadi kwa jirani, mwandishi wa programu. Mtaa mzima ulimwita Nukta, kwa kuwa kosa dogo halikumpita.

"Shangazi Nukta, vipimo vimepotea!"

"Nani kakwambia? Nionyeshe ulivyoiamuru mashine."

System.out.println(vipimo);

"Haya. Nikikuuliza kabatini mna nini, ukanijibu, 'Ni kabati la nguo, namba saba,' umenijibu?"

"Hapana. Nimekutajia kabati tu."

"Ndivyo ilivyofanya. Hiyo [I inasema hii ni safu ya namba kamili. Kinachofuata @ ni kitambulisho cha safu. Kipimo hakimo hata kimoja."

"Hata hamsini na tano?"

"Hata hiyo. Iambie igeuze yaliyomo yawe maandishi."

Juu kabisa ya programu Binti aliongeza import java.util.Arrays; kisha akarekebisha ule mstari:

System.out.println(Arrays.toString(vipimo));

Skrini ikaonyesha: [15, 36, 30, 40, 9, 44]

"Vipo!" Binti aliruka.

"Tulia, mwanangu. Wewe unazijua. Baba yako atajuaje kuwa thelathini ni kiuno? Anayesoma ni mwenye mkasi, siyo wewe. Pitia safu, namba moja moja, kila moja uichapishe na jina lake."

Binti aliandika, akafuta, akaandika tena. Dakika ya tisa alikuwa mlangoni kwao, anahema. Printa ikatoa karatasi ya pili:

Bega: 15
Kifua: 36
Kiuno: 30
Nyonga: 40
Mkono: 9
Urefu: 44

Baba alisoma kwa sauti, bila kuuliza neno. Kisha akatazama mstari wake wa chaki.

"Inchi kumi na moja zaidi! Mikono ningeitoa wapi?"

"Kwenye hema," Mama alijibu.

Baba alipangusa chaki, akapima upya, akakata.

Saa tisa kasoro dakika tano, mbele ya kioo, muuguzi alifunga kifungo cha mwisho. Kilifungika.