Vichwa Visivyostahili Bereti

"Usifyatue risasi mpaka uwe na hakika," sauti ya mkuu wake, Rahema, ilinguruma katika kifaa kidogo sikioni mwa Muthamia. "Ukimuua komando wetu wa kweli, mimi na wewe tumekwisha."

"Na nikiwaacha wapite?"

"Lori hilo la mabomu likifika Kinoru, uwanja unalipuka. Umejaa watoto wa shule."

Muthamia alikuwa jasusi, lakini leo alivaa aproni yenye damu katika buchari ya Abdilatif, sokoni Ruiri. Abdilatif alijua kila kitu. Binti yake, Asmaa, alikuwa Kinoru akiimba kwaya.

Lori la kijani lilisimama nje. Wanaume wawili wakashuka, sare zimepigwa pasi. Bereti nyekundu zimelala kulia, beji juu ya jicho la kushoto, kama jeshi la Kenya linavyotaka.

Safi.

Safi mno, kama bwana harusi aliyekodi suti.

Waliingia, wakaketi, wakaweka bereti mezani.

"Wee mchinjaji!" mmoja, mwenye nyota za kapteni begani, alifoka. "Leta supu. Makomando hawangoji."

Komando gani hujitangaza kwa muuza nyama? Muthamia alimdharau papo hapo. Lakini dharau si ushahidi.

Alibeba bakuli la supu. Akajikwaa makusudi.

Supu ilimrukia kapteni kifuani. Bereti ikaanguka sakafuni.

"Ng'ombe wewe!" Kofi likamwakia Muthamia shavuni. "Unajua hii kofia ni ya nani?"

"Pole, afande. Hata sijui. Nionyeshe."

Kapteni aliiokota, akaibandika kichwani kwa hasira. Asubuhi alikuwa na kioo. Sasa alikuwa na mkono tu, na mkono hausahau kambi iliyoufunza. Ukaivuta bereti upande wa kushoto. Beji ikakaa juu ya jicho la kulia.

Yapo majeshi ya ng'ambo yanayovaa hivyo, tena kwa fahari. La Kenya halimo. Kuruta wa hapa akithubutu, atatambaa uwanjani mpaka magoti yachubuke.

"Rahema," Muthamia alisema wazi, bila kunong'ona. "Ni mamluki."

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Maliza."

Mkono wa kapteni uliruka kiunoni kutafuta bastola. Kisu cha buchari kilitangulia, kikapigilia shati lake mezani. Glock ya Muthamia ilikuwa tayari imemwelekea mwenzake kapteni usoni.

"Wanaume huitolea jasho na damu bereti hii," Muthamia alisema. "Wewe umeinunua kama viazi."

Akamvua kapteni bereti kichwani.

"Alhamdulillahi!" Abdilatif alishusha pumzi. "Lakini hilo kofi, ndugu yangu, umekula tamu."

Nje, wenzake Muthamia walikwisha kulizingira lori. Mamluki walitolewa wakiwa na pingu. Soko zima likajaa barabarani, likiwazomea.

"Nipe kofia yangu," kapteni alinong'ona. "Watu wananitazama."

"Kofia yako ipi?"

Muthamia alizikunja bereti zote mbili, akazitia mfukoni. Akavua aproni, akapita katikati ya mbuzi wa sokoni bila kugeuka.