Misumari Yenye Duara Jekundu

Depo ya vifaa vya kuundia boti, karibu na bandari ya Kalemie, ilikuwa imefurika watu siku Prospère, fundi wa boti, alipoingia, mikono imejaa lami, akaomba katoni ya misumari isiyoshika kutu. Huguette, mtunza depo, kikwembe cha maua kikichungulia chini ya koti la kazi, alichukua msumari mmoja akaukwaruza kwa ufunguo.

"Mama, unaniharibia musumari."

"Naangalia kama ni ya kweli. Ingine ni chuma ya bure, wameipaka tu rangi."

"Na miye utanikwaruza?"

"Weye unaonekana ulishapakwa."

Prospère alicheka. Huguette akachora duara jekundu kwenye katoni, alama yake ya kuonyesha ameipima. Tangu hapo simu haikutulia, na mwanamke aliyeogopwa kwa ukali akawa anamwitikia Prospère "sheri", yaani mpenzi, mbele ya wateja bila haya yoyote.

Kisha ikanyesha mvua ya kwanza, na boti jipya la Prospère likatiririka kutu. Katoni ilikuwa na duara jekundu. Akampigia Huguette.

"Umenidanganya. Watu wangezama."

Akakata. Huguette alivua koti, akabeba koleo la kung'olea misumari, akaenda ufukweni mchana kweupe, mafundi wakimtazama. Moyo ulimuuma, lakini kulia mbele za watu hakutaka.

"Hii katoni uliichukua lini?"

"Ile siku ulikuwa Kabimba, kwa kilio ya shangazi yako." Prospère akakumbuka. Siku ile alimpigia mara nne, akasikia nyimbo za msiba.

"Nani alikuuzisha?"

"Patroni wako, mwenye depo. Papa Rubens."

Simu ikalia. Papa Rubens, aliyekwisha kuambiwa alikokwenda, alimtaka arudi na anyamaze, la sivyo kazi hana. Huguette akaweka spika.

"Papa, depo ni yako. Ile duara ni yangu, na weye uliichora kwa misumari ya bure. Kesho nitasimama kwa mulango, nikwaruze misumari ya kila muntu anayetoka."

Akakata. Prospère alimshika mkono. "Sheri, unisamehe. Nataka nikuoe."

"Sikukuja kuombwa." Akamkabidhi koleo. "Ng'oa. Musumari wa mwisho ukitoka, uniulize tena."

Waling'oa hadi alasiri. Msumari wa mwisho ulipoanguka mchangani, Prospère akauliza tena. Huguette akatoa ufunguo, akamkwaruza taratibu kiganjani.

"Hujapakwa," akasema. "Kesho asubuhi tusimame wawili kwa ule mulango. Kisha twende kwa papa yangu, umuombe unioe."