Deksa ya Nyumbani

Asubuhi Mukankusi alikuwa akifagia mbele ya nyumba yao ya Kamembe, Rwanda. Mume wake, Harelimana, baba wa mtoto wao Zulfa, alikaa kwenye kiti akimwonyesha kwa kidole.

"Pale umeacha takataka."

Mukankusi akacheka. Karibu wiki tatu alikuwa amekosa mtu wa kumsumbua.

Harelimana ni fundi wa simu na redio. Ana ugonjwa wa sukari tangu zamani. Mwaka huo wa 2021 alipatwa na korona, akalazwa hospitalini siku kumi na nane, akipumua kwa oksijeni. Madaktari walimpa dawa nyingi. Moja ilikuwa deksa, dawa ya kutuliza mapafu yaliyovimba. Ilimsaidia sana. Siku za dawa hiyo zilipokwisha, madaktari wakaisimamisha. Harelimana akarudi nyumbani amekonda, miguu inatetemeka.

Jirani yao Béatrice, mama wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka Kongo, anayeuza vitenge, akaja kumpa pole.

"Papa Zulfa, ni weye umekonda hivi? Maman Zulfa, usiogope. Miye niko na dawa."

Akatoa pakiti ya vidonge. Ilikuwa deksa.

"Kwetu Bukavu bamama banakunywaka hii juu ya kunenepa. Angalia mashavu yangu!"

"Hii ndiyo balinipa hospitali," Harelimana akasema kwa furaha. "Nilikuwa nakula sana!"

Kama hospitali ilimpa, ubaya uko wapi? Hivyo ndivyo walivyofikiri wote watatu. Msiwacheke. Hata mimi ningefikiri hivyo.

Basi akameza vidonge viwili kila siku. Hamu ya kula ikarudi. Kiu nayo ikaja, na kukojoa kila saa. Kipimo cha sukari kilikaa kabatini. Mtu ananenepa, apimwe nini tena?

Wiki ya tatu, shavu la kushoto likaanza kuuma. Pua ya upande huo ikaziba. Harelimana akasema ni jino. Mukankusi akamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Kesho yake jicho la kushoto likavimba. Harelimana akaona simu mbili mahali penye moja. Alipopenga kamasi, ilitoka nyeusi, imechanganyika na damu.

Mukankusi aliogopa, lakini hakukaa na woga wake. Alikwenda mbio kumwita Nyiraneza, mshauri wa afya wa mtaa.

Nyiraneza alimtazama mgonjwa usoni. Akamchoma kidole na kupima sukari. Mashine ikaonyesha mia nne na ishirini.

"Anakunywa dawa gani?" akauliza.

Mukankusi akamwonyesha pakiti.

"Maman Zulfa, tunaenda hospitali sasa hivi. Hapana kesho."

"Ni jino tu," Harelimana akanung'unika.

"Papa Zulfa, sikiliza. Kuko kuvu, sawa ile inaota juu ya mukate uliolala. Iko kwa udongo, iko kwa vumbi. Siye bote tunaivuta, na mwili unaishinda. Lakini korona imekuachia mwili muchovu. Sukari iko juu. Na hii deksa inapunguza nguvu ya mwili ya kupigana. Kuvu inaingia kwa pua, inakula mufupa, inapanda kwa jicho. Kisha inafika kwa ubongo."

"Lakini ni hospitali ilimupa deksa!" Mukankusi akasema.

"Ilimupa wakati alikuwa anashindwa kupumua. Ilikuwa siku chache za kuhesabu, na badokta banamupima sukari kila siku. Ile ilimuponya. Hii ya nyumbani haina dokta, haina mwisho."

Mukankusi akafunga kitenge kiunoni. Harelimana akaanza habari ya simu za wateja.

"Simu za batu zitangoja," mke akamjibu. "Jicho haitangoja. Simama."

Siku hiyohiyo hospitali ya wilaya ikampeleka Kigali kwa ambulansi. Huko wakakuta kuvu kweli. Alifanyiwa operasheni, wakaondoa nyama iliyokufa ndani ya pua, na meno matatu ya juu. Dawa ya kuua kuvu ikapita kwenye mshipa, siku baada ya siku, kwa wiki nyingi. Insulini ikashusha sukari. Deksa nayo, madaktari wakaipunguza wenyewe polepole.

"Mngechelewa siku mbili tu," daktari alimwambia Mukankusi, "jicho lingekwenda. Pengine na yeye mwenyewe."

Mukankusi akalia. Kisha akanawa uso, akauliza dawa ya jioni ni saa ngapi.

Waliporudi Kamembe, Béatrice alikuja akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Nilikaribia kumuua, Maman Zulfa."

"Ulileta kwa mapendo. Ingia, hii ugonjwa haiambukize muntu. Weye unakunywa deksa tangu lini?"

"Myezi mitano. Leo naitupa yote."

"Hapana! Nyiraneza anasema muntu aliyeizoea asiache mara moja, mwili unaweza kuanguka. Dokta ndiye anapunguza. Kesho tunaenda kwa kituo cha afya, miye na weye."

Wakaenda. Béatrice alipunguziwa dawa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Leo sokoni akisikia mama anataka vidonge vya kunenepa, anamshika mkono na kumpeleka kwa Nyiraneza.

Asubuhi moja Mukankusi akamweka mume wake karibu na dirisha.

"Funika jicho ya kuume. Unaona nini?"

Harelimana akatazama kwa jicho la kushoto, kwa muda mrefu.

"Naona muke yangu. Amekasirika."

"Nimekasirika, ndiyo. Leta kidole, tupime sukari."