Mlipuko wa Kumi

Mume wangu hupima masanduku ya chuma ya kufungia swichi za umeme kwenye migodi ya makaa ya mawe. Kule chini kuna gesi, kwa hiyo cheche ikiruka ndani ya sanduku, moto lazima ufie humo humo. Analiweka kwenye chumba cha majaribio, anajaza gesi ndani na nje yake, kisha analipua ya ndani. Mara kumi. Moto ukichungulia nje hata mara moja, sanduku limefeli.

Jumanne ile ilikuwa ya kawaida tu. Plagi ya kuwashia gesi ilimkorofisha tangu asubuhi, na bosi alimganda kama kupe: lori liko getini, mgodi unasubiri. Alilipua mara tisa. Ya kumi, plagi ikagoma tena. Akajaza fomu, tiki kumi, akatia sahihi. Haya niliyajua baadaye. Mimi aliniambia tu, "Nimechoka, mama watoto," akajitupa kwenye kochi.

Sanduku likafungwa mgodini anakofanya kazi mdogo wangu, kitindamimba wetu.

Alhamisi mchana nikiwa napiga pasi, kabati la nguo likagonga. Ko. Nikadhani panya. Likaendelea taratibu mpaka mara tisa, kisha kimya. Nikafungua. Nguo tu, lakini zilikuwa na joto.

Ijumaa, tisa. Jumamosi, sufuria tupu lililofunikwa mezani: tisa. Fundi seremala akaja, akasema kabati zima. Nilikereka jamani! Na mume wangu ndiyo kabisa, kila nikimwambia ananijibu masikio yangu mabovu.

Jumapili mchana alikuwepo, anakula. Kabati likaanza. Nikaiona midomo yake ikihesabu. Tisa. Kijiko kikamtoka.

"Ya kumi sikuifanya," akanong'ona.

"Ya kumi ya nini?"

Akaniambia. Nikamkaba shati. "Mdogo wangu yuko huko chini, na wewe umekaa unakula?"

Alipiga simu mgodini mbele yangu, akakiri. Umeme ukazimwa, watu wakatolewa, sanduku likarudishwa. Jumatano wakalipua ya kumi. Moto ukatoka nje.

Mdogo wangu alikuja jioni hiyo akanicheka. "Dada, unalia kama umefiwa."

"Niache nilie," nikamwambia.

Mume wangu alirudi na ile fomu. Tiki tisa za wino wa bluu. Penye tiki ya kumi palikuwa na tundu, kingo zimeungua. Ndani ya faili, karatasi ya juu yake na ya chini yake zilikuwa nyeupe pe, hazijaguswa na moto. Tukaifungia kwenye droo, hatukuitaja tena.

Kabati lilinyamaza miezi miwili. Mdogo wangu akarudi kazini.

Leo ameingia zamu saa moja asubuhi. Saa tatu nilikuwa nakunja nguo. Ko.

Nikasimama. Nikahesabu. Nikamwomba Mungu zifike kumi.

Zimeishia sita.

Nimempigia mdogo wangu. Huko chini simu haishiki. Ofisi ya mgodi inaita tu. Nimempigia mume wangu kazini.

"Kuna sanduku jingine?"

Nasikia faili likifunguliwa.

"Nakuuliza wewe! Kuna jingine?"

Hajakata simu. Namsikia anapekua makaratasi, harakaharaka, na kila anapofika mwisho anaanza upya.