Umemblok Wewe, Sisi Tunamuona

Hii kitu ilitokea kwa binamu yangu Phyllis, hapa Giakanja, na mtu akikuambia ni uongo mlete kwangu. Mimi niko na masikio. Mbuzi akipiga chafya Murang'a, mimi nishajua ni wa nani.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, ile baridi yetu ya kufanya maziwa igande ikiwa bado kwa ng'ombe. Gathogo, kijana wa Phyllis, alikuwa ameketi kwa kibanda ya gemu ya Nderitu, hedifoni masikioni, chai pembeni. Hakuna mtu Tetu nzima alikuwa anamweza kwa ile gemu ya bunduki. Inzi ikipita kwa skrini, angeipiga mguu wa kushoto aiachie wa kulia.

Gemu yenyewe mnacheza wanne kwa kikundi, na mnasikizana kwa maiki hata kama kila mtu ako kwake. Gathogo alikuwa na Muchiri na Mutahi hapo kibandani. Wa nne alikuwa Wamae, mtoto wa Kabura, ng'ambo ya mto. Huyo alikuwa mgonjwa wa kifua tangu azaliwe. Shamba hakujua, kanisani alibebwa. Lakini kwa gemu alijiita Kifua Chuma, na huko ndani alikuwa anakimbia kuliko paa.

Shida ni moja tu. Alikuwa anakohoa. Mbili ndogo, moja ndefu.

"Nani ameleta mbuzi?" Gathogo akauliza kwa maiki. Kisha akamuiga: mbili ndogo, moja ndefu. Kibanda ikavunjika mbavu.

Ikawa mchezo wa kila siku, mpaka Wamae akampita pointi. Hapo kicheko ikaisha.

"Tumripoti," Gathogo akanong'ona. "Wote pamoja. Tuseme anaiba mchezo."

Na ile mashini haiulizi nani anasema ukweli, inahesabu midomo. Wakabonyeza hao watatu, wakaita na wengine wakabonyeza. Jua likizama, Wamae alikuwa amefungiwa nje.

Alituma sauti. "Gathogo, tafadhali, waambie wanifungulie. Mimi hapa kitandani sina kwingine pa kwenda."

Gathogo aliicheza hiyo sauti kwa spika ya Nderitu. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Hakumjibu.

Kabla wiki iishe, Wamae alikuwa amezikwa.

Kabura hakulia. Alitoka na ile nyungu alikuwa anampikia mtoto uji, akasimama njia panda, akaipasua chini. Huku kwetu mama akivunja nyungu hivyo, hata askofu hutafuta njia ingine. Alisema neno moja tu.

"Aliyemfungia mtoto wangu nje, akae naye ndani."

Gathogo aliposikia alicheka. "Ati nyungu? Sasa atapikia nini?"

Jumatatu mchana, ukungu umeshuka mpaka kwa mabati, wakaingia gemu watatu. Jina la nne likatokea lenyewe.

Kifua Chuma.

"Nani anacheza na simu ya marehemu?" Gathogo akauliza.

Masikioni mwake, mbili ndogo. Moja ndefu.

Akamblok. Jina likapotea, kikohozi ikanyamaza. Akajinyoosha kwa kiti. "Mimi huzima mtu kama koroboi."

Muchiri hakucheka. Alikuwa anaangalia skrini yake.

"Gathogo. Mbona humpigi?"

"Nani?"

"Kifua Chuma. Amesimama nyuma yako."

"Si nimemblok."

"Umemblok wewe. Sisi tunamuona."

Gathogo akageuka ndani ya gemu. Majani. Akageuka tena. Majani tu.

"Anafanya nini?"

"Ameinama," Mutahi akanong'ona. "Ameweka mdomo kwa sikio yako."

Gathogo akatoa hedifoni haraka. Akagusa sikio.

Ilikuwa na unyevu.

Akaenda nyumbani mbio. Watoto wa njiani walimsalimia, kisha wakasalimia tena, wakiangalia kando yake. Mbwa yake mwenyewe ilitambaa chini ya ghala ikakataa kutoka.

Phyllis alikuwa anamimina chai. Aliinua macho, akatazama mlangoni.

"Mbona humkaribishi mwenzako?"

"Mwenzangu gani, maitu?" akamuuliza mamake.

"Wacha madharau. Kuja uketi, kijana. Hiyo kikohozi umeenda nayo hospitali?"

Akamimina vikombe viwili. Gathogo akaangalia kiti ya pembeni. Hakukuwa na mtu.

Mto wa kiti ulikuwa umebonyea.

Asubuhi alivuka mto. Kabura alikuwa uani anamenya viazi. Hakumwangalia Gathogo. Aliangalia nyuma ya bega lake, na uso wake ukalainika.

"Umerudi, baba," akamwambia yule wa nyuma.

Gathogo akapiga magoti. "Mama Wamae, nimekosa. Mwambie aniache."

"Yeye alikuomba. Ulimjibu?"

Gathogo akaangalia maganda chini.

"Nimeuliza, ulimjibu?"

"Hapana."

"Alikufa ameshika simu." Ganda la kiazi likaanguka. "Namwambia lala, ananiambia, maitu, Gathogo atafungua tu, ni mwenzangu. Sasa fungua."

"Nikifungua, ataenda?"

"Fungua."

Akatoa simu, akaingia kwa akaunti yake ya gemu. Akatafuta jina. Akabonyeza.

Kwanza, harufu ya uji. Kisha pumzi. Baridi, kwa shingo.

Kisha mkono.

Akageuka.

Alichoona hajawahi kusema. Kabura ndiye alitazama mpaka mwisho, na hakuacha kumenya viazi.

Gathogo ako hai. Usiseme nimemuua. Hospitali wamempiga picha za kifua mpaka mashini ikachoka, na kifua ni safi kama sahani mpya. Lakini neno halimtoki tena. Anakohoa tu, mchana kutwa. Mbili ndogo, moja ndefu, vile vile alivyokuwa anamuiga mwenzake.

Na Phyllis lazima aweke vikombe viwili. Akiweka kimoja, kijana wake anakwaruza mlango mpaka kucha zitoke damu. Gathogo anakunywa yake. Ile ingine hakuna mtu anaigusa.

Mimi, mtu alifukuza chui Aberdare na kofia, nilienda kujionea. Nikaketi hapo kama jabali, macho kwa ile kikombe ya pili, sikupepesa. Chai ikashuka. Ikashuka tena. Ikaisha.

Nikainua kikombe. Ilikuwa baridi kama jiwe la mto, na chini yake kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi, kama wa kaburi la jana.